Ngoma ya Vibwengo na Radi ya Robert Plot

Vitabu vingi vya bustani husimulia asili ya maduara ya uyoga kwa namna moja: wanavijiji wa Ulaya waliamini kwamba vibwengo wamecheza ngoma usiku, kisha wasomi wakaja kuwafumbua macho. Masimulizi hayo yanakanushwa na kitabu kilichochapwa Uingereza mwaka 1686.

Tatizo lenyewe linajulikana na kila anayetunza ukoka. Nyasi hustawi kwa mviringo, zikakolea rangi kuliko nyingine. Kandokando yake mara nyingi huwa na ukanda uliokauka. Mvua ikinyesha, uyoga huchomoza umejipanga kama watu wa ngoma. Kila mwaka duara hupanuka. Olaus Magnus wa Sweden aliandika mwaka 1555 kwamba ni nyayo za vibwengo wachezaji. Wajerumani waliwataja wachawi. Huko Tirol ilisemwa kwamba joka limeburuta mkia wa moto, na kwa miaka saba hapaoti kitu ila uyoga.

Robert Plot, mtunzaji wa kwanza wa makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford, hakuridhika na hayo. Katika kitabu hicho cha mwaka 1686, kuhusu maumbile ya Staffordshire, aliwapima vibwengo, wachawi, fuko na hata ng'ombe, kisha akatoa hukumu: ni radi. Alichora hata namna radi inavyoweza kutoka mawinguni ikiwa na umbo la mviringo. Lakini Plot alichimba pia, na hapo ndipo kitabu chake kinapostahili kusomwa upya. Chini ya duara aliukuta udongo mkavu, uliolegea, umetapakaa weupe kama wa mkate ulioota ukungu, wenye harufu ya uvundo. Weupe huo ulikuwa nyuzi za uyoga wenyewe. Alizishika, akazinusa, akazieleza kwa uaminifu mkubwa, kisha akazihesabu kuwa alama iliyoachwa na radi.

Wasomi waliomfuata hawakufukua zaidi. Joseph Priestley, alipoona cheche za umeme zikiacha pete za rangi juu ya chuma, alidhani huenda zina uhusiano na maduara ya nyasi. Erasmus Darwin naye aliendelea kuitetea radi mwaka 1791. Ni vigumu kuwastahi katika hili, kwa kuwa nadharia yao haikueleza kwa nini duara hukua mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1792 daktari William Withering alitamka wazi kwamba chanzo ni uyoga. Mwaka 1807 mkemia William Hyde Wollaston alieleza upanukaji: uyoga humaliza chakula cha udongo ulipo, hivyo husonga nje kutafuta kingine. Baadaye ilifahamika kwamba nyuzi hizo huozesha mabaki ya mimea na kuachia naitrojeni, ndiyo maana nyasi hunawiri, na kwamba zikisongamana huufanya udongo ukatae maji.

Kwa hiyo mtunza bustani leo hutoboa ukanda uliokauka kwa uma wa bustani, matundu ya kina yaliyokaribiana, kisha huumwagilia kwa wingi mpaka udongo ukubali kunywa.