Jina la Vita: Siri za Familia na Utambulisho katika Kyebando

Hata Mganda asiyejua Kiswahili anazielewa kalima hizi mbili: panda gari. Ndivyo inavyoitwa misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika utawala wa pili wa Rais Milton Obote, askari wa UNLA, jeshi la serikali, walipoizingira mitaa ya Kampala, wakawatoa watu majumbani, wakawachambua na kuwapakia kwenye malori ya jeshi. Wengine walirudi. Amri ya askari imebaki katika mazungumzo ya jiji kama jina la kipindi kizima, na mzee anayeitamka mara nyingi huishia hapo.

Kyebando ni mtaa wa kaskazini mwa jiji, upande wa pili wa Mulago, jirani na soko la Kalerwe. Wapangaji wake wengi huishi kwenye muzigo, na msomaji wa Kiswahili asidhani ni furushi: ni chumba kimoja, chenye mlango mmoja na ukuta wa kuchangia na jirani. Huku wanaweza kuwa wajukuu wa mtu aliyepakiwa kwenye lori, kule wajukuu wa aliyeshika bunduki, na wote wasijue. Makala haya yanadai kwamba nchini Uganda siri ya namna hiyo haifichwi sandukuni pamoja na picha kuukuu. Imefichwa kwenye jina, nalo huitwa kila siku.

Kwa Baganda jina si pambo. Kila ukoo una hazina yake ya majina. Anayetajiwa jina huutambua ukoo, na hapo hapo hujua asichumbie wapi, maana kuoana ndani ya ukoo ni mwiko. Zamani mtoto alithibitishwa kwa okwalula. Kipande cha kitovu kilichokauka, ambacho mama alikuwa amekitunza, kilitumbukizwa kwenye chombo chenye maji, maziwa na pombe. Kikielea, mtoto ni wa ukoo. Kikizama, baba yake ni mwingine.

Pamoja na uzito huo, jina lilikuwa kitu cha kwanza kubadilishwa mambo yalipochacha. Wahamiaji kutoka Rwanda walijitwalia majina ya Kiganda tangu enzi za ukoloni, wakitafuta ardhi na kazi. Watu wa asili yao walipofukuzwa Ankole mwaka 1982, jina la kuazima likawa kinga. Vitani pia lilikuwa silaha. Fred Rwigyema, naibu kamanda wa zamani wa jeshi la Uganda aliyeuawa mwanzoni mwa uvamizi wa waasi wa RPF nchini Rwanda, Oktoba 1990, alizaliwa akiitwa Emmanuel Gisa.

Mfano mchungu zaidi umeandikwa katika hukumu ya The Hague. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Inaelezwa kwamba aliwatajia watekaji jina la uongo, kama watoto wengi wa Acholi, kaskazini mwa Uganda, walivyofundishwa na wazazi, ili waasi wasiirudie familia. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, likiwemo la mimba za kulazimishwa. Jina lililobuniwa kuwalinda wazazi ndilo dunia inalomjua nalo.

Wanawake waliozalishwa porini walirudi na watoto wenye majina yanayosema kila kitu: Komakech, sina bahati, Anenocan, nimeona taabu. Wengine waliwabadilishia, Komakech akawa Komagum, mwenye bahati. Wengine walihamia Kampala, ambako jirani Mganda hasikii chochote ndani ya jina la Kiacholi. Jiji linaficha kwa kutoelewa, na si haki kuuita ukimya wa mama huyo uongo. Ni paa alilomwezekea mwanawe.

Lakini mtoto hukua. Kwa Waacholi ardhi hupitia upande wa baba, na kijana asiyemjua baba hana pa kulima wala pa kuzikwa. Ndiyo sababu Women's Advocacy Network, mtandao wa manusura ulioanzishwa Gulu mwaka 2011 na kuongozwa na Evelyn Amony, umekuwa ukiwatafutia watoto hao jamaa za baba. Njia hiyo ina busara: siri inafunguliwa kwanza mbele ya ndugu, mama mwenyewe akiwa ameshika ufunguo.

Serikali haikupita njia hiyo. Tume ya Jaji Arthur Oder, iliyoundwa 1986 na kutoa ripoti 1994, ilisikiliza ushahidi wa maovu ya hadi Januari 1986 tu. Vita vya LRA vya kaskazini vilikuwa nje ya hadidu zake. Kisha ikaja Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015, na fomu ya kitambulisho inayouliza kabila, ukoo, jina la baba. Swali ambalo tume haikuliuliza sasa linaulizwa dirishani, foleni ikisikiliza nyuma.

Pale penye jina la baba, mara nyingi huandikwa la mjomba au la babu mzaa mama. Likiandikwa la babu, fomu hupita bila shida, na kwenye karatasi mama na mwanawe wanakuwa ndugu wa baba mmoja.