Mashimo ya Wasirikwa hayakuwa mashimo

Nilipokuwa mtoto pale Matulo, tuliambiwa ati kule juu, Trans Nzoia na Uasin Gishu, zamani waliishi watu chini ya ardhi kama fuko. Ithibati? Mashimo yao yangalipo. Na kweli yapo. Katika malisho ya Moiben na kwenye miinuko iliyo chini ya milima ya Cherang'any, utakuta vibonde vya duara mfano wa sahani, vimefunikwa nyasi, aghalabu kwenye mteremko. Vingine vimezungushiwa mawe. Huitwa Mashimo ya Wasirikwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nami niliwasimulia wanafunzi wangu habari hizo hizo za watu wa mashimoni. Darasa zima likaangua kicheko. Leo nakijutia kicheko kile, kwani nilikuwa nimekosea, na kilichonikosesha ni neno.

Sikuwa peke yangu, lakini. Walowezi wa Kizungu walioyakuta waliamini kwamba ni makao ya watu, na hata wasomi wa mwanzo walielekea huko. Mary Leakey alichimbua mahali paitwapo Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Ilibidi tungoje hadi miaka ya 1960, J.E.G. Sutton alipozunguka nyanda za juu za magharibi na kufukua baadhi ya vibonde hivyo, ndipo mambo yakabainika: yalikuwa mazizi ya ng'ombe.

Hebu tazama yalivyofanya kazi. Zizi lilichimbwa kwenye mteremko, mlango ukaelekezwa upande wa chini. Jioni ng'ombe waliingizwa. Asubuhi, baada ya kutolewa, samadi na matope vilisukumwa nje kupitia mlango uo huo. Takataka hizo ziliongezeka siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, hata zikawa kichuguu mbele ya zizi, chenye majivu, mifupa na vigae vya vyungu. Nyumba ya mwenye mifugo haikuwa ndani ya kibonde. Ilikuwa kando, imeshikana na zizi, na mlango wake ulifunguka zizini. Kwa hivyo aliyetaka kuingia nyumbani sharti apite katikati ya ng'ombe. Mwizi wa usiku naye angewaibaje bila kumwamsha mwenyewe?

Nyumba ile ilikuwa ya miti na udongo. Ikaoza. Zizi likabaki. Nasi tukaliona zizi tukadhani ndiyo nyumba.

Mazizi haya yalitumika tangu yapata mwaka 1200 hadi miaka ya 1700. Simulizi nyingi za Wakalenjin husema Wasirikwa walihamia kusini wakatokomea. Sutton hakuona haja ya kuwatokomeza. Kwake wengi wao walimezwa na jamii tuzijuazo leo, Wakalenjin wenyewe wakiwamo. Naafikiana naye. Watu hawayeyuki hivi hivi.

Sasa turudi kwenye neno. Ukisema shimo, msikilizaji anawaza panya, nyoka, au maiti. Kiswahili kina zizi, kina faja, na kina boma, neno pana ajabu: ni ua wa mifugo, ni ngome, na kwa wenzetu wa Tanzania ukiambiwa uende bomani unajua unakwenda kwa mkuu wa wilaya. Neno moja linabeba ng'ombe na serikali! Kwa nini basi tukachagua shimo?

Sisi wa Matulo tunayo Chetambe, pale mlimani Webuye, ngome yenye handaki ambako wazee wetu walipambana na majeshi ya Hobley mwaka 1895. Handaki nalo limechimbwa, ama sivyo? Lakini sijasikia mtu akiliita shimo. Tunaiita ngome kwa kuwa tunajua nani alichimba na kwa nini. Shimo ni jina tunalowapa tusiowajua.

Na jina lina madhara. Mashamba yanagawanywa, trekta zinapita, na mwenye kulima akikuta shimo hulifukia apande mahindi. Nani ataona haya kufukia shimo? Ndiyo maana napendekeza tuseme na kuandika mazizi ya Wasirikwa, au maboma yao, hata vitabuni.

Nilimweleza hayo mzee mmoja upande wa Moiben, ambaye shambani mwake kimo kimoja.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa sijawahi kupalima. Kiangazi kikija, nyasi za hapa ndizo hukauka mwisho."

"Mzee, na nyinyi mnapaitaje?"

"Shimo," akasema, akacheka.

Ndama wake wawili walikuwa wamefungwa humo ndani.