Damu ya simbilisi na saratani ya watoto

Mwaka 1953 huko New York, Dakta John Kidd aliwadunga seramu ya simbilisi panya wenye uvimbe wa saratani ya limfu. Uvimbe ukanywea! Mwaka 1961 John Broome akaonyesha sababu: kimeng'enya asparajinesi. Hicho humaliza asparajini, asidi amino ambayo seli hizo haziwezi kujitengenezea ya kutosha, zikafa njaa. Leo ni dawa ya watoto wenye saratani ya damu.

Kazi ipo kwenye kupima. Dawa huendelea kuila asparajini hata ndani ya chupa ya sampuli. Ukichelewa, maabara itasema imekwisha, kumbe mwilini mwa mtoto bado ipo. Ndiyo maana madaktari hupima zaidi nguvu ya kimeng'enya chenyewe.