Vyungu vya Ujiji na Safari ya Rusizi: Urafiki wa Livingstone na Stanley, 1871–1874

Vitabu vya shule vinapowataja David Livingstone na Henry Morton Stanley, huishia kwenye salamu ya Ujiji. Salamu hiyo yenyewe ina mashaka, kwani kurasa za shajara ya Stanley za siku ile zimechanwa. Kilichowafanya marafiki ni mambo mengine mawili: chakula walichokula pamoja na safari ya mtumbwi hadi mdomo wa mto Rusizi, mto ambao sisi wa Rwanda tunaujua kwa kuwa unatoka Ziwa Kivu na kupita mpakani mwetu.

Stanley alipowasili Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, Livingstone alikuwa mgonjwa na bidhaa zake zilikuwa zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Kula kulikuwa kumemshinda. Meno yake yalilegea huko Lunda kwa kutafuna mahindi mabichi. Siku ile Said bin Majid alileta mikate ya moto ya nyama ya kusaga, Mohammed bin Saleh akaleta mchuzi wa kuku, Mwinyi Kheri akaleta nyama ya mbuzi na wali. Mzee alikula, na kwa maelezo ya Stanley alirudia kusema kwamba ameletewa uhai mpya. Tuseme wazi: karamu ya kwanza ya urafiki huu waliipika wenyeji, yaani wafanyabiashara Waislamu wa Ujiji, ingawa Stanley ndiye aliyepata sifa.

Novemba 16 waliondoka kwa mtumbwi wa mti wa mvule, walioupata kwa Said bin Majid. Swali lilikuwa moja: je, Rusizi hutoka ziwani kwenda kaskazini na kulisha Nile, au huingia? Waliukuta unaingia, na chifu Ruhinga akawasimulia habari za ziwa la Kivu. Kwa jiografia ya wakati ule jibu hilo lilikuwa kubwa. Kwa urafiki wao, nadhani siku 28 za safari zilikuwa kubwa zaidi: Stanley alishikwa na homa njiani na Livingstone akamuuguza kama mwanawe. Stanley alilelewa katika nyumba ya maskini huko Wales bila baba, jambo linaloeleza kwa nini uuguzi ule haukumtoka moyoni.

Krismasi waliyoila Ujiji ilikuwa maafa. Samaki, vitunguu, viazi vitamu, kondoo na mbuzi walipatikana sokoni na kwa Mwinyi Kheri, lakini mpishi Ferajji akaiharibu nyama. Stanley anaandika kwamba mpishi huyo aliponea kipigo kwa sababu tu bwana wake, aliyetoka kuugua, hakuwa na nguvu za kuinua mkono. Hapa mwanahistoria asipite haraka. Upole aliouonyesha Stanley kwa Livingstone haukuwafikia watumishi wake.

Kwa upande wa Livingstone kulikuwa na Halima, mpishi wake, mke wa Amoda. Mwaka 1872 Halima aligombana na mwenzake akatoroka, kisha akarudi kwa hiari. Livingstone aliandika kwamba ni mwerevu, msikivu na hajawahi kuiba, akakusudia kumpa uhuru na kumnunulia nyumba na bustani Unguja.

Marafiki hao waliagana karibu na Tabora Machi 14, 1872, wasionane tena. Stanley alipofika Unguja alituma kundi la watu 57, waliomfikia Livingstone mwezi Agosti. Livingstone alifariki kwa chifu Chitambo mwaka 1873, na watu wake wakaubeba mwili hadi Bagamoyo. Aprili 18, 1874, ulipozikwa Westminster Abbey, miongoni mwa waliosindikiza jeneza walikuwa Stanley na Jacob Wainwright, aliyekuja na kundi lile la Agosti. Susi na Chuma, waliokuwa na Livingstone tangu kabla ya Ujiji, walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha.