Muhuri wa Zambarau

Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Siku chache baada ya matanga, Zawadi amefungua sanduku la bati la Babu na kukuta daftari la jalada gumu na muhuri wa mpira, mpini wake umeshikwa hadi ukang'aa. Amelifunga tena, ufunguo ameuvaa shingoni. Leo alfajiri, mtu aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam amebisha hodi. Hakutoa hata pole ya msiba. Amesema, "Nimefuata muhuri."

ENDELEA

Shangazi ndiye aliyemfungulia.

"Kamwene," mgeni alisema, kwa sauti ya mtu aliyejifunza neno hilo njiani.

"Kamwene, baba. Sogea motoni."

Julai ya Mafinga haijui mgeni wala mwenyeji. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Sao Hill ukafunika barabara kuu. Malori ya nguzo za umeme yalisikika tu yakibadilisha gia. Koti la mgeni lilikuwa jepesi, la pwani, na meno yake yaligongana kabla ya maneno.

"Mzee wangu na marehemu walikuwa matarishi pamoja," alisema. "Halmashauri ya Jiji. Vikao vya Karimjee, wao ndio waliokuwa wakipeleka makabrasha."

"Marehemu alibeba barua," Shangazi akajibu, akipuliza mkaa. "Muhuri ni wa wakubwa."

Zawadi hakusema kitu. Jana usiku alikuwa amesoma daftari mpaka umeme ukakatika, na maneno ya Babu yalikuwa bado yanamzunguka kichwani. Babu hakuwa mtu wa kuandika marefu.

*Desemba 1961. Uhuru. Mji umepandishwa kuwa Jiji. Nimepewa viatu.*

*1972. Madaraka Mikoani. Halmashauri zinafungwa. Nimemuuliza karani, madaraka yakienda mikoani yametoka kwa nani? Amecheka. Kisha hakucheka.*

*Oktoba 1973. TANU imeamua makao makuu yahamie Dodoma. Mimi sijaambiwa kuhama.*

*1978. Mabaraza ya miji yanarudi. Tumefundishwa na taka, na kipindupindu.*

Ukurasa wa 1996 ndio uliomkosesha usingizi. *Baraza limevunjwa tena. Imekuja Tume ya Jiji, mwenyekiti Keenja. Mashimo yanazibwa, kweli yanazibwa. Ila nikipeleka barua hakuna diwani wa kuipokea.*

Hapo ndipo wengi wetu tunaponasa, msomaji. Barabara ikishalainika, nani atauliza aliyeilainisha alichaguliwa na nani? Babu aliuliza, na alikuwa tarishi tu. Tume ilikaa mpaka mwaka 2000. Jiji likarudishiwa halmashauri yake, chini yake zikawekwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na Babu akarudi Mafinga na sanduku lake.

Kumbukumbu ya mwisho ilikuwa ya mkono unaotetemeka. *24 Februari 2021. Nimesikia redioni. Halmashauri ya Jiji imevunjwa, Ilala ndiyo Jiji sasa. Wanasema ile ya zamani haikuwa na eneo lake, madiwani wake wa kuazima kutoka manispaa. Ni kweli. Na nani aliyeipanga hivyo?*

"Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri," mgeni alikuwa akisema sasa, chai imemrudishia ulimi. "Mwaka 1984. Alisema angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa. Mwaka huohuo zikaingizwa kwenye Katiba, ibara ya 145. Ziwepo kila mkoa, wilaya, mji na kijiji."

"Ziwepo," Shangazi alisema. "Zikae mpaka lini, wamesema?"

Mgeni akatabasamu. "Mama, nimeishi Marekani miaka sita. Washington, mji wenyewe wa Rais wao. Meya wao wenyewe walirudishiwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mpaka leo Bunge la nchi laweza kutengua sheria ya baraza lao. Mwakilishi wao anakaa bungeni, anachangia, lakini sheria ikipigiwa kura ya mwisho, ya kwake haimo. Wameyaandika malalamiko kwenye namba za magari: wanatozwa kodi bila uwakilishi."

"Kwenye namba za magari?"

"Kwenye namba za magari."

Shangazi akacheka mpaka akakohoa. Kisha, bila kucheka, akaanza kuhesabu kwa kichwa, mikono ameificha ndani ya khanga kama mtu aliyezidiwa na baridi.

"Sisi hapa tulikuwa makao makuu ya wilaya ya Mufindi, lakini mji hatukuwa na kauli. Mamlaka ya mji mdogo. Kura zetu za ubunge zilikuwa zinachanganywa na za vijijini. Mwaka 2015 tukapata halmashauri ya mji, tukapata na jimbo, Mafinga Mjini. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Haya. Diwani namchagua, namjua anapokaa, naweza kumfuata sokoni nikamwambia choo cha stendi kinanuka. Mkurugenzi anateremka na barua ya uteuzi kutoka kwa Rais. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri. Mwaka 2016 ikapelekwa TRA, mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU. Nanunua umeme, kumbe nalipia nyumba, na fedha sijui inalala wapi. Kwa hiyo, baba, usinieleze habari za Washington. Sema unachotaka."

Mgeni aliweka kikombe chini. Akatoa bahasha ya kaki mfukoni, akailaza gotini.

"Humu mna muhtasari wa kikao. Kikao cha mwisho kabla ya baraza kuvunjwa. Mzee wangu aliubeba kwenda kupigwa chapa, hakuurudisha. Haukuthibitishwa, haukusainiwa, haukugongwa muhuri." Akaipapasa bahasha kama mtu anayembembeleza mtoto. "Mnajua taratibu za vikao. Kumbukumbu ambazo hazijathibitishwa..."

"Ni kikao ambacho hakijafungwa," Zawadi akamalizia, na mwenyewe akashtuka. Alikuwa amejifunza hayo kwenye semina ya watendaji wa mitaa.

"Na wewe unataka kukifunga," Shangazi aliuliza polepole, "au kukifungua?"

Mkaa ukalia. Mgeni hakujibu. Alimtazama Zawadi shingoni, pale ufunguo ulipokuwa.

"Nenda kaulete, mwanangu," Shangazi akasema.

Zawadi alishangaa. Shangazi, aliyeapa wiki nzima kwamba hakuna kitakachotoka ndani ya sanduku lile! Lakini alisimama, akaenda chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo ulizunguka vizuri. Akainua mfuniko.

Daftari lilikuwepo. Muhuri haukuwepo.

Akalifungua kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ukurasa wa 2021, mwandiko wa kutetemeka. Akafunua ukurasa unaofuata, ambao jana usiku, angeweza kuapa, ulikuwa mtupu. Palikuwa na neno moja, limeandikwa kwa herufi kubwa.

*MAFINGA.*

Chini yake, mviringo wa zambarau. Zawadi aliugusa. Kidole chake kilirudi kimelowa.

Alitoka mbio. Kigoda kilikuwa kitupu. Kikombe cha mgeni kilikuwa bado kinafuka, mlango uko wazi, na ukungu ulikuwa unaingia ndani taratibu. Bahasha ilikuwa juu ya meza.

"Shangazi! Mgeni amekwenda wapi?"

"Mgeni gani, mwanangu?"

Shangazi alisema hivyo bila kugeuka. Kisha akatoa mkono ndani ya khanga ili aepue birika, na Zawadi akaona kidole gumba chake. Kilikuwa cha zambarau mpaka kwenye kiungo.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO