Mwenye Kutangaza Matokeo Anachaguliwa Lini?

Wiki iliyopita muuza vitenge mmoja wa Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, alinisimamisha kwa swali ambalo sikulitegemea. "Mwandishi, diwani tunamchagua, mbunge tunamchagua, Rais tunamchagua. Huyu mwenye kutangaza matokeo tunamchagua lini?"

Hatumchagui. Kwa Ibara ya 74 ya Katiba, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi huteuliwa na Rais, na wote waliokalia kiti hicho tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992 ni majaji.

Wapo wenzetu wanaomchagua. Katika majimbo mengi ya Marekani msimamizi mkuu wa uchaguzi, aitwaye Katibu wa Jimbo, hupigiwa kura na wananchi, tena akiwa na chama chake. Mwaka 2000 huko Florida kiti hicho alikishika Katherine Harris, aliyechaguliwa 1998. Bibi huyo alikuwa pia mmoja wa viongozi wa kampeni ya George W. Bush jimboni humo, na ndiye aliyeidhinisha ushindi wa Bush kwa tofauti ya kura 537! Tangu 2003 Katibu wa Florida huteuliwa na gavana. Basi tusidhani kura pekee ni dawa.

Turudi kwetu. Jumapili ya tarehe 29 Oktoba 1995 wakazi wa Dar es Salaam walijipanga foleni asubuhi na mapema. Karatasi za kura na vifaa vingine vikachelewa. Vituo vingine vilifunguliwa jua likiwa limeshapanda, vingine havikufunguliwa kabisa. Na hapa ndipo makao makuu ya Tume yalipokuwa, si kijiji kisichofikika kwa masika! Tume chini ya Jaji Lewis Makame, aliyeteuliwa 1993, ikafuta uchaguzi katika majimbo yote 7 ya jiji na kuamuru urudiwe tarehe 19 Novemba.

Kufuta kulihitaji ujasiri, nalisema hilo bila kigugumizi. Lakini mpiga kura wa Kariakoo alirudi kituoni matokeo ya mikoani yakiwa yameshaanza kusikika redioni. Wapinzani walitaka nchi nzima irudie. Walipokataliwa, Mrema, Lipumba na Cheyo wakajitoa. Benjamin Mkapa akatangazwa mshindi kwa asilimia 61.8, akaapishwa tarehe 23 Novemba.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Sheria ya 2024 imeleta jina jipya, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na kamati ya usaili ya kupendekeza wajumbe. Kalamu ya uteuzi imebaki kwa Rais.

Mimi, hata hivyo, sina ugomvi mkubwa na uteuzi. Jaji mwadilifu aliyeteuliwa ni bora kuliko mwanasiasa aliyechaguliwa. Kinachonikera ni Ibara ya 41(7), inayosema kwamba Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Msimamizi yeyote, awe malaika, anahitaji mtu wa kumkagua. Julai 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, ikaagiza irekebishwe. Oktoba mwaka uleule tulipiga kura ibara ikiwa palepale. Tarehe 29 Oktoba 2025, vilevile.