Lugha Kongwe katika Ngoma Mpya: Kutoka Merseburg hadi Mlima Meru

Asafiriye kutoka Arusha kwenda Namanga hupita Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, mahali panapojulikana zaidi kwa Chuo cha Misitu. Wengi hulitamka jina hilo bila ya kujua kwamba wanasema Kimaa, lugha ya Wamasai na ya jamaa zao Waarusha, ambao ni wakulima wa migomba na mahindi katika miteremko ya mlima huo. Neno laweza kuwamo kinywani, na maana yake isiwemo kichwani. Jambo hili, wapenzi wa ushairi wa pwani wanalifahamu vyema: ni wangapi leo wauimbao utenzi wa kale wenye maneno ya Kingozi, na kila ubeti wawe na hakika nao?

Huko Ujerumani jambo hilo limefika mbali zaidi. Mwaka 1841, katika maktaba ya kanisa kuu la Merseburg, yalipatikana maneno mawili ya uganga yaliyoandikwa katika karne ya 10 ndani ya kitabu cha ibada. La kwanza ni la kuwafungua mateka. La pili ni la kuuponya mguu wa farasi ulioteguka, na humo ametajwa Wodan, mungu wa Wajerumani wa kabla ya Ukristo. Kundi la In Extremo, lichanganyalo zumari za mifuko na magitaa ya umeme yenye mngurumo wa roki nzito, liliyatia maneno hayo katika muziki. Mashairi yakapata uhai mpya. Lakini lahani ni ya siku hizi, kwa kuwa ile ya kale haikuandikwa. Na Mjerumani wa leo, asipofunzwa, hayaelewi maneno ya wahenga wake.

Arusha nayo ina mfano wake. Kundi la X Plastaz, lililoanzishwa mwaka 1996, lilighani rapu kwa Kiswahili, kisha likamkaribisha Merege, mwimbaji wa Kimasai, aliyeingiza uimbaji wa Kimaa katikati ya midundo ya mashine. Katika ngoma za Kimasai mwimbaji kiongozi, olaranyani, hutoa wimbo, na wenzake humwitikia kwa sauti nzito za kooni. Hivyo kijana wa mjini na mwimbaji wa boma walikutana pasipo mmoja kumnyamazisha mwenziwe. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya München, katika nchi ile ile ya Wodan.

Wajerumani walikwisha kuzisikia simulizi za Wamasai kabla ya hapo. Mwaka 1904 Moritz Merker, ofisa wa jeshi la kikoloni, alichapisha kitabu kikubwa juu ya watu hao, akisimulia habari za Engai, Mungu wao, na kudai kwamba asili yao ni moja na ya Waebrania. Dai hilo limekwisha kukataliwa na wataalamu. Karatasi ya Merker, kama ile ya Merseburg, ilihifadhi maneno, na sauti ikaiponyoka.

Hapo ndipo tofauti inapodhihirika. Msikilizaji wa Ulaya humsikia Merege kama amsikiavyo mganga wa Merseburg: sauti tamu, maana imefichika. Lakini mwimbaji wa Kimaa akikosea neno, sokoni Ngaramtoni yupo bibi wa kumsahihisha. Maneno ya Merseburg hayana bibi. Yana maprofesa tu.

Hata hivyo bibi huyo hataishi milele. Katika shule za msingi za serikali watoto wa Meru hufundishwa kwa Kiswahili, na Kimaa hakina nafasi darasani. Mapenzi ya Kiswahili hayamzuii mtu kuliona hilo. Pwani yenyewe imeshuhudia lahaja zake zikififia mbele ya Kiswahili sanifu. Wimbo mmoja hauiokoi lugha. Unachoweza ni kumtia kijana hamu ya kumwuliza bibi yake maana ya alichokisikia, na hamu hiyo ina faida maadamu yupo wa kumjibu. Siku atakapokosekana, Olmotonyi litabaki jina la kituo cha basi.